Matabaka Saba, Matabaka Manne: Namna Kompyuta Zinavyoelewana



Katika ukurasa wetu wa elimu mwezi huu tunazungumzia jambo ambalo vijana wetu wanaosomea kompyuta hulikuta mapema katika masomo yao, na ambalo wazazi hulitumia kila siku bila ya kulijua jina lake. Kijana hurudi nyumbani na kitabu chenye picha ya visanduku saba vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, naye ameamrishwa avihifadhi kwa mfuatano wake. Mzazi akiuliza vina faida gani, aghalabu huambiwa kwamba vitakuja katika mtihani. Sisi tunaona jibu hilo halitoshi. Visanduku hivyo ni muhtasari wa fikra iliyowezesha sauti ya bibi aliyeko Pemba kusikika katika nyumba ya Birmingham, Muscat au Toronto. Na katika historia yake mna mvutano wa miaka mingi juu ya suala moja zito: nani mwenye haki ya kuweka kanuni za mazungumzo, na kanuni za namna gani ndizo zinazodumu?

Mfano wa kontena

Tuanze na kitu tunachokijua sote. Familia nyingi za kwetu zimewahi kupeleka mizigo nyumbani kwa kontena. Zamani meli ilipakiwa gunia kwa gunia na sanduku kwa sanduku, kwa mikono ya wachukuzi, na kila bandari ilikuwa na utaratibu wake. Tarehe 26 Aprili 1956 meli iitwayo Ideal X iliondoka bandari ya Newark, Marekani, kuelekea Houston, ikiwa na makontena 58 ya mfanyabiashara Malcom McLean. Fikra ilikuwa nzuri, lakini makampuni yalitengeneza makontena ya vipimo mbalimbali, na kontena la huyu halikukaa katika meli ya yule. Mwaka 1968 Shirika la Kimataifa la Viwango, ISO, lilitoa vipimo vya pamoja. Ndiyo maana leo kontena la futi 20 au 40 hutoka ghalani kwa lori, likapandishwa treni, likaingia melini, likashushwa Mombasa au Dar es Salaam, bila ya kufunguliwa njiani kwa sababu ya kubadilisha chombo.

Tuzingatie siri ya mpango huo. Mwenye winchi hahitaji kujua kama ndani mna friji au vitabu. Anachohitaji ni pembe nne za kushikia. Nahodha hahitaji kujua kama kontena litamalizia safari kwa lori au kwa treni. Na mwenye mzigo hahitaji kujua jina la meli. Kila mmoja ana kazi yake, anapokea kutoka kwa aliye kabla yake na kumkabidhi aliye baada yake kwa namna iliyokubaliwa, wala haingilii yasiyomhusu. Kugawa kazi namna hii katika mawasiliano ya kompyuta ndiko kunakoitwa kupanga kwa matabaka, na kanuni zinazofuatwa katika kila tabaka huitwa itifaki.

Visiwa visivyo na madaraja

Katika miaka ya 1970 kompyuta za makampuni makubwa zilikuwa kama visiwa. IBM ilitoa mpango wake wa mtandao, SNA, mwaka 1974, na kampuni ya DEC ikafuatia na wake, DECnet, mwaka 1975. Aliyenunua mashine za kampuni moja alifungika humo, kwani kuziunganisha na za kampuni nyingine kulikuwa kazi ngumu na ya gharama.

Wakati huo watafiti walikwisha kuonyesha njia nyingine. Donald Davies wa Uingereza alipendekeza ujumbe ukatwe vipande vidogo, naye ndiye aliyevipa jina la pakiti. Nchini Ufaransa, Louis Pouzin alijenga mtandao ulioitwa CYCLADES, ambamo kila pakiti ilisafiri peke yake ikiwa na anwani yake, na jukumu la kuhakikisha kwamba ujumbe umekamilika likabaki kwa kompyuta za miisho miwili. Marekani kulikuwa na ARPANET, iliyopeleka ujumbe wake wa kwanza tarehe 29 Oktoba 1969 kutoka Los Angeles. Neno lililokusudiwa lilikuwa la kuingilia katika mashine ya pili. Zikafika herufi mbili tu, kisha mashine ikazimika.

Mwaka 1977 ISO, lile lile shirika la vipimo vya makontena, liliunda kamati ya kuandaa kanuni za kuunganisha mifumo ya kila kampuni na kila nchi. Mwenyekiti wake alikuwa Charles Bachman wa Marekani, na Mfaransa Hubert Zimmermann alikuwa miongoni mwa waliouchora mpango wenyewe. Kiwango kilichapishwa rasmi mwaka 1984. Hicho ndicho kiitwacho OSI, na ndicho chenye visanduku saba.

Matabaka saba

Tuyataje kuanzia chini kwenda juu, kama anavyojenga fundi.

La kwanza ni tabaka la maumbile: waya, mwanga ndani ya uzi wa kioo, au mawimbi ya redio. Hapa hapana maneno, pana ishara tu.

La pili ni tabaka la kiungo. Kazi yake ni kufikisha fungu la ishara salama kutoka mashine moja hadi mashine ya jirani yake, kama kutoka simu yako hadi kisanduku cha Wi-Fi kilichopo ukumbini.

La tatu ni tabaka la mtandao. Hili ndilo lenye anwani za mbali, na ndilo linalochagua njia ya kupita kutoka mji hadi mji. Mashine ziitwazo ruta hufanya kazi hapa.

La nne ni tabaka la usafirishaji. Huangalia kama vipande vyote vimefika, huvipanga kwa nambari zake, na kilichopotea huomba kiletwe tena.

La tano ni tabaka la kikao. Hufungua mazungumzo, huyaendesha kwa zamu na huyafunga.

La sita ni tabaka la uwasilishaji. Huhakikisha kwamba herufi iliyoandikwa huku itasomeka herufi ile ile kule. Jambo hili si dogo. Orodha ya herufi iliyoitwa ASCII, iliyotolewa Marekani mwaka 1963, ilikuwa na nafasi 128 tu. Kiswahili cha herufi za Kirumi kilienea humo bila ya taabu kwa kuwa hakina alama za ziada, lakini Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu hakikuwa na nafasi hata moja. Orodha pana ya Unicode, iliyoanza kuchapishwa mwaka 1991, ndiyo iliyokuja kuziweka herufi za lugha mbalimbali katika daftari moja.

La saba ni tabaka la matumizi: barua pepe, ukurasa unaousoma, mazungumzo ya simu. Hapo ndipo mtu anapokutana na mashine.

Ujumbe hushuka matabaka haya upande wa mpelekaji, na kila tabaka huuvika bahasha yake na kuandika juu yake maelezo yake. Upande wa mpokeaji hupanda, na kila tabaka huvua bahasha iliyovishwa na mwenzake wa upande wa pili. Ruta zilizo njiani kwa kawaida huishia tabaka la tatu: husoma anwani, huelekeza njia, na kuyaacha ya ndani kwa wenyewe.

Mpango wa pili na mvutano

ISO ilipokuwa ikikaa vikao, mpango mwingine ulikuwa ukitembea tayari. Mwezi wa Mei 1974 Vinton Cerf na Robert Kahn walichapisha makala juu ya namna ya kuunganisha mitandao isiyofanana. Mwaka 1978 kazi ile iligawanywa mara mbili: IP ikapewa anwani na njia, TCP ikapewa kuhakikisha ukamilifu. Tarehe 1 Januari 1983 ARPANET yote ilihamia itifaki hizo. Katika mwaka huo huo Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kilizitia ndani ya mfumo wake wa Unix, zikaenea katika vyuo. Waraka wa mwaka 1989 ulioweka masharti ya kompyuta za intaneti ulitaja matabaka manne tu: kiungo, intaneti, usafirishaji na matumizi.

Wenye nguvu walikuwa upande wa saba. Serikali za Ulaya ziliiunga mkono OSI, makampuni makubwa yaliahidi kuifuata, na serikali ya Marekani yenyewe iliagiza kwamba kuanzia Agosti 1990 idara zake zinunue mitambo inayoifuata. Juu ya hayo, OSI haikupata ushindi. Mwaka 1995 serikali hiyo iliondoa sharti lake, na dunia ikabaki na TCP na IP hadi leo.

Kwa nini? Sababu ni nyingi, lakini tatu zatosha. Kwanza, hati za ISO ziliuzwa, ilhali hati za intaneti zilitolewa bure kwa kila anayetaka kuzisoma. Hati hizo, ambazo ya kwanza iliandikwa na Steve Crocker mwezi wa Aprili 1969, zilipewa jina la unyenyekevu: maombi ya maoni. Aliyeandika hakusema, “Hii ni amri”, alisema, “Hili ni wazo letu, nanyi mwaonaje?” Pili, OSI ililazimika kuridhisha kila kampuni na kila idara ya simu, kwa hiyo ikajaa hiari na vipengele hata watengenezaji wawili waliweza kuifuata kwa uaminifu na mashine zao zisielewane. Tatu, kamati ilitangulia kuandika kabla ya kujaribu. Watu wa intaneti walikuwa na desturi nyingine, ambayo David Clark aliieleza mwaka 1992: kwamba hawaendi kwa wafalme wala marais wala kura, bali kwa makubaliano ya jumla na programu inayoonekana ikifanya kazi.

Hata hivyo tusiwadhulumu walioshindwa. Kazi yao haikupotea. Mashine nyingi za makampuni makubwa ya mawasiliano zingali zikitumia itifaki ya kutafuta njia iliyozaliwa katika OSI, iitwayo IS-IS. Vyeti vinavyothibitisha kwamba ukurasa wa benki ni wa benki kweli vina asili katika kiwango cha X.509 cha mwaka 1988, kilicho cha ukoo ule ule. Na visanduku saba vimebaki kuwa lugha ya kufundishia na ya kutafutia hitilafu: fundi akisema tatizo lipo tabaka la pili au la tatu, mwenzake humwelewa hata kama wametoka nchi mbili.

Adabu ya kupokea na kutoa

Miongoni mwa walioandika kanuni za intaneti alikuwa Jon Postel, na katika hati zake za mwanzo wa miaka ya 1980 aliweka usia ambao sisi tunaona unafaa hata nje ya kompyuta. Maana yake ni hii: uwe mwangalifu katika unayoyatoa, na uwe mpana wa moyo katika unayoyapokea. Mashine yako ifuate kanuni kwa ukamilifu inapopeleka. Lakini ikipokea kitu chenye kasoro ndogo ambacho maana yake inafahamika, isikitupe. Usia huu uliziwezesha mashine za watu wasiojuana, zilizotengenezwa kwa mikono tofauti, kuvumiliana hadi zikazoeana.

Lakini upo upande wa pili pia. Hati iliyotolewa mwaka 2023 ilionya kwamba kuvumilia makosa bila ya kuyasahihisha huyafanya yageuke kuwa desturi, na kanuni yenyewe ikachakaa. Kupokea kwa moyo mpana ni kwema, na kumwambia mwenzio kosa lake ili alirekebishe ni sehemu ya wema huo.

Faida nyumbani

Kwa nini mzee aliye mbali na kwao ajishughulishe na habari hizi? Tunaona sababu tatu, na zote zinagusa nyumba zetu.

Ya kwanza ni kutambua kosa liliko. Simu ya kupigia nyumbani ikigoma, wengi wetu huanza kwa kufuta programu na kuiweka upya, tukapoteza na picha za jamaa. Itafuteni hitilafu kuanzia chini. Je, umeme upo na kisanduku cha Wi-Fi kinawaka? Je, simu imeshika Wi-Fi hiyo? Je, ukurasa mwingine wowote unafunguka? Ikiwa hakuna kinachofunguka katika nyumba nzima, kosa lipo chini, na kuifuta programu hakutasaidia. Ikiwa vyote vinafunguka ila programu moja, kosa lipo juu, na hapana haja ya kuchomoa waya. Huenda pia kosa likawa mbali nanyi kabisa. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo miwili ya baharini, EASSy na Seacom, ilikatika siku moja katika pwani ya kusini mashariki mwa Afrika, na mawasiliano ya Tanzania na majirani zake yakazorota. Pakiti nyingi zilipitishwa njia nyingine zilizobaki, kwani ndivyo tabaka la tatu lilivyoundwa. Lakini njia hizo hazikutosha wote. Aliyefahamu hayo hakumlaumu ndugu yake kwa kutopokea simu.

Hapa tueleze na sababu ya sauti kukatikakatika. Barua pepe husafiri kwa TCP: kipande kikipotea huletwa tena, hata kikichelewa. Mazungumzo ya sauti kwa kawaida hutumia itifaki nyingine, UDP, ambayo haisubiri kilichopotea. Neno la sekunde tatu zilizopita likija sasa litavuruga tu mazungumzo, kwa hiyo ni afadhali liachwe. Ndiyo maana barua hufika kamili, na sauti hufika na mapengo.

Ya pili ni kujua kipi ni siri na kipi si siri. Programu zinazofunga ujumbe kwa maandishi ya siri kutoka mwisho hadi mwisho, kama WhatsApp ilivyokamilisha kufanya mwezi wa Aprili 2016, huufunga katika tabaka la juu, na matabaka ya chini hubeba kitu yasichoweza kukisoma. Lakini bahasha za nje zingali wazi, kwa kuwa zikifunikwa ujumbe hautajua uende wapi. Kwa hiyo maneno yako yamefunikwa, ilhali nyakati za mawasiliano na wingi wake vinaweza kuonekana na wanaoendesha njia au huduma.

Ya tatu ndiyo tunayoisisitiza zaidi. Mafundi wana mzaha wao kwamba juu ya matabaka saba lipo la nane, nalo ni mtu mwenyewe. Mzaha huo una ukweli mchungu. Wezi wa mitandaoni kwa kawaida hawahangaiki kuvunja maandishi ya siri. Hiyo ni kazi nzito mno. Wao hupiga hodi katika tabaka la nane. Hujifanya jamaa aliyebadilisha nambari, au karani wa benki, wakaomba zile tarakimu sita zilizoingia katika simu yako. Ukishazitaja, matabaka yote saba yatamtumikia mwizi kwa uaminifu ule ule yaliokuwa yakikutumikia wewe, kwa sababu hayana njia ya kujua kwamba aliyefungua mlango si mwenyewe. Waambieni wazee na watoto: tarakimu hizo hapewi mtu, hata akiwa na sauti ya nani. Jamaa akiomba fedha kwa nambari mpya, apigiwe kwanza kwa ile ya zamani.

Mwisho

Alhasili, mashine za dunia hazikuanza kuelewana kwa kulazimishwa kufanana. IBM ilibaki IBM, mtandao wa chuo ulibaki wa chuo, waya ulibaki waya na redio ikabaki redio. Zilikubaliana juu ya machache: namna ya kuandika anwani, umbo la pakiti, na nani abebe jukumu gani. Yaliyobaki kila mmoja aliachiwa nyumbani kwake. Nasi tuishio katika nchi za watu, huku tukilea watoto kwa Kiswahili chetu na desturi zetu, hatuna sababu ya kuliona jambo hilo kuwa geni: barabarani na kazini tunafuata kanuni za wote, na ndani ya nyumba tunazungumza yetu.

Basi kijana wako akirudi na picha ya visanduku saba, kaa naye, mwambie akueleze kimoja baada ya kimoja kwa Kiswahili. Akiweza kumfahamisha bibi yake, ajue kwamba somo limemwingia.

Wabillahi tawfiq.